Ramani Isiyo na Makaburi

Walthamstow, London
9 Machi 1997

Ndugu yangu Evans,

Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha, inadondoka kutwa kucha kama pua ya mtoto, na mlango wetu una ufa pale barua zinapoingilia. Lakini nimeisoma yote. Unataka nikuchoree ramani ya kihamba, shamba la ukoo alilotuachia baba, ili ukiandikishe kwenye chama cha kahawa. Nimecheka peke yangu. Maisha yangu yote nimechora nchi za watu, barabara za watu na mabomba ya maji machafu ya watu, na leo ndipo mtu wa kwetu ananikumbuka.

Nitakuchorea. Tena kwa mkono na kwa wino, kama tulivyofundishwa Idara ya Ramani pale Dar es Salaam, si kwa hizi kompyuta. Zilipoingia ofisini kwetu hapa London walituita sisi wazee wa kalamu, wakatukatia keki, wakatushukuru, wakatuonyesha mlango. Waliobaki hawajui hata wembe ulikuwa wa nini mezani. Wino ukikauka na umekosea, unaukwangua kwa wembe, polepole, bila kutoboa karatasi. Mkuu wetu, Mwingereza mgumu wa kusifu, alisema makosa ya Leonard hayaonekani hata ukiyainua kwenye jua. Hiyo ndiyo medali niliyopata.

Vipimo ninavyo. Nilipokuja kumzika mama nilikizunguka kihamba chote kwa futikamba, na nyinyi mkanong'onezana kwamba msiba umenichanganya akili. Basi akili ilikuwa timamu.

Unasema nisiweke makaburi, eti chama hakiyahitaji. Hapo huna haja ya kunibembeleza. Hata ofisini hatukuweka makaburi ya nyumbani. Ni madogo mno, na mchoraji anayeweka kila anachokiona si mchoraji. Nitaweka mipaka na masale yake yote, maana kwetu mmea wa isale ndio jiwe la mpaka. Nitaweka mfongo, ule mfereji wa maji, njia, nyumba, kahawa na migomba. Inatosha.

Wewe na mimi tunajua wazee walipo. Wako kule chini karibu na mfongo, na pembeni ya mama pana nafasi yangu, mama mwenyewe alinionyesha kwa kidole. Evans, moyo wangu si mzima. Daktari ananiongezea vidonge kila nikienda. Sina tena ninachokitamani duniani ila kulazwa pale. Nimejiunga na chama cha Watanzania cha kuzikana, na binti yangu Irene nimeshamwambia kwamba maiti yangu haibaki huku. Wewe nilindie pale mahali tu.

Masale ya upande wa chini uyaangalie. Ng'ombe wa jirani wana tabia ya kuyakanyaga. Je, yote yamesimama?

Kaka yako,
Leonard


Uru, Moshi
2 Mei 1997

Kaka Leonard, shikamoo.

Ramani imefika salama ndani ya lile bomba la karatasi. Nilipoitandaza mezani watu walijaa nyumbani kama tumepika pombe ya mbege. Kila mmoja alitafuta mgomba wake. Mke wangu Adelina aliuliza mbona jiko lake umelifanya dogo hivyo, au ndiyo wivu wa shemeji. Padri alisema herufi zako ni za kitabu cha misa. Na yule Bwana Alexis, mfanyabiashara wa Moshi mjini, aliishika muda mrefu sana, akasema hajapata kuona shamba lililochorwa safi namna hii.

Huku ni hivyo hivyo. Kahawa haina bei tena, na miti mingi imeshambuliwa, watu wanaing'oa. Adelina anakusalimu mno. Kifua bado kinamsumbua, hospitali tunakwenda tunarudi.

Masale yapo, kaka. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Evans


Walthamstow
20 Oktoba 1997

Evans,

Ahsante kwa salamu za padri. Herufi zile nilijifunza kwa kupigwa rula vidoleni, mwambie.

Nimelazwa wiki iliyopita na nimetoka. Nilipokuwa kitandani sikuwa na la kufanya ila kupitisha kazi zangu kichwani, moja moja. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa ya upande wa Handeni. Nilichora kila mto na kila kontua, ile mistari ya miinuko, ya nchi ile, na mpaka leo sijaikanyaga Handeni. Nchi yetu niliichora vipande vipande kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, nimeketi kwenye stuli, natoka jasho, nimefunga leso kwenye kiganja ili jasho lisiharibu wino. Halafu nikaja huku, nikachora yaliyo chini ya ardhi. Nikitembea Hoe Street na fimbo yangu najua bomba gani linapita chini ya muuza samaki na linapinda wapi. Watu wananipiga vikumbo na mifuko yao ya sokoni. Hakuna anayejua, na hakuna anayehitaji kujua. Mtu anaona aibu kusema hivi, lakini wakati mwingine nasimama tu juu ya kifuniko cha chuma barabarani, nikasema moyoni, hiki ni changu.

Ndiyo maana nakusumbua kuhusu kule chini. Ile ndiyo sehemu pekee duniani ninayoijua kwa miguu na pia kwa kalamu.

Nina ombi. Panda isale moja pembeni ya mama, pale pangu, lianze kukua nikiwa bado nipo. Ukishalipanda niandikie. Na mfongo bado una maji? Na mpaka wa chini, umeupitia mwenyewe au umetuma mtu?

Mimi,
Leonard


Uru
14 Januari 1998

Kaka Leonard,

Shikamoo.

Ndani ya barua hii kuna jani la isale. Nimelifunga fundo kama inavyotakiwa. Natamani ningelileta kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga magoti mlangoni kwako, na wazee wawili nyuma yangu. Bahari imenizuia.

Nakuomba usiniulize kwa sasa.

Evans


Walthamstow
3 Februari 1998

Evans,

Nimelitoa jani mbele ya Irene. Aliuliza kama ni majani ya chai. Nikamwambia ni jani tu la nyumbani, nikaenda chooni nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka miguu ikafa ganzi.

Unaniomba msamaha wa nini?

Mtu haji na isale kwa sababu amevunja kikombe. Mara ya mwisho kuliona likiletwa nyumbani kwetu, mtu alikuwa ameua. Unajua kama ninavyojua kwamba jani hili halikataliwi hivi hivi. Anayelipokea amesamehe, na anayelirudisha amemkana mwenziwe mpaka kaburini. Sasa wewe umenitumia kwa posta, bila neno, unitie kitanzi nisamehe nisichokijua! Hukuona hata aibu ya stempu?

Nimekuuliza mambo mawili tu mwaka mzima, mpaka na mahali pangu. Hukunijibu hata moja sawasawa. Ninaogopa kuandika ninachokifikiria. Nimemwandikia dada Placida. Yeye hajui kuficha.

Leonard


Kilema
8 Machi 1998

Mdogo wangu Leonard,

Umeniuliza, nami ndiye mkubwa wenu, nitakujibu.

Evans ameuza kihamba cha chini. Chote, kuanzia kwenye migomba ya katikati mpaka kwenye mfongo. Amemuuzia yule Alexis wa mjini. Masale yameng'olewa, kahawa imeng'olewa, na pamejengwa ukuta wa matofali na stoo ya mbolea. Niliposikia nilitoka huku kwa miguu yangu mibovu kwenda kusimamisha. Nilimwambia Alexis, hapo unapomwaga zege amelala mama yangu na baba yangu. Unajua alinijibu nini? Alitoa ramani yako. Akaikunjua mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu wote, akasema, mama, ramani hii imechorwa na mwana wa ukoo huu, mtaalamu, huko London. Ameweka hadi banda la kuku. Kaburi liko wapi hapa? Mwenyekiti akaitazama, akanitazama mimi mwanamke mzee ninayelia, akasema karatasi haisemi uongo. Wakamwaga zege.

Sasa umejua. Kulia nimeshalia kwa niaba yako.

Lakini ngoja nikuambie na upande wa pili, maana mimi sipendi nusu. Aliuza kwa ajili ya Adelina. Kile kifua hakikuwa kifua cha kawaida, kilikuwa saratani. Alikwenda hospitali hii na ile, akampeleka mpaka Dar es Salaam. Amemzika mwezi wa kumi na mbili, kihamba cha juu, nyuma ya jiko lake. Hukuambiwa. Nilimuuliza Evans kwa nini hakukwambia, angalau uchangie hata sala. Akaniletea barua zako nizisome mwenyewe. Nimezisoma, Leonard. Umeuliza hali ya masale. Umeuliza hali ya mfongo. Umeuliza ng'ombe wa jirani wamekanyaga wapi. Adelina aliyekupikia ulipokuja kumzika mama, aliyekufulia suruali zako za matope ulipokuwa unazunguka na futikamba, hukumuulizia kama hajambo hata kwa neno moja, na uliandikiwa kwamba anaumwa.

Mimi na Evans hatusalimiani tangu siku ya zege, na sitamsalimu mpaka nione mwenyewe kitakachonilainisha moyo. Kwa hiyo usinitume kwake. Jani ni lako, na jibu ulipeleke wewe.

Dada yako,
Placida


Walthamstow
30 Mei 1998

Dada Placida, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nililazwa tena, na kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa naandika matusi. Nilimtukana Evans, nikamtukana Alexis, nikakutukana hata wewe kwa kuniambia. Karatasi zote hizo nimezichana. Halafu matusi yakaisha, ikabaki ile ramani.

Mimi ndiye niliyeichora. Tena nilijisifu. Nilisema ni madogo mno. Dada, mama yetu nilimwona mdogo mno! Siku hizi nikifumba macho naziona zile karatasi za Handeni na za kwingineko, safi, nyeupe, na najiuliza ni mama za watu wangapi walikuwa kwenye ule weupe. Nilikuwa nikimaliza karatasi nikisema imependeza.

Na Adelina. Sina la kusema kuhusu Adelina. Ulivyosema ndivyo.

Isale nimelipokea. Namsamehe Evans, naye anisamehe mimi, kama msamaha wa namna hiyo unaweza kwenda na kurudi kwa jani moja. Sitaki kumwandikia kwa maneno, maneno yangu yana ukali hata ninapobembeleza, unanijua. Nimerudi kwenye kalamu. Nachora kihamba upya, chote, cha juu na cha chini, kama vile hakijauzwa, na safari hii na makaburi yake. Baba yumo. Mama yumo. Adelina nataka kumweka pia, kwa hiyo nipimie kwa hatua zako kutoka mlango wa jiko hadi alipolazwa, na uniambie kichwa kimeelekea wapi. Pale pangu nilikuwa nimepachora kwa mazoea, nikapakwangua kwa wembe. Nimemwambia Irene anizike hapa hapa London, asisumbuke na ndege. Alishangaa, lakini hakuuliza. Watoto wa huku hawaulizi.

Chini ya ramani nitamwandikia Evans kwa Kichagga, lugha tuliyoitumia kugombania viazi tukiwa wadogo, kwamba jani lake limefika na nimelipokea. Hiyo ndiyo itakuwa barua yangu kwake. Nitaituma ikikamilika. Kila mstari naurudia. Zamani ramani kama hii ningeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mdogo wako,
Leonard


Walthamstow
17 Novemba 1998

Baba mdogo Evans,

Shikamoo. Mimi ni Irene, mtoto wa Leonard. Kiswahili nasikia vizuri lakini kuandika ni shida, kwa hiyo Mama Reine ananisaidia. Yeye ni Mkongo, tunasali pamoja Tottenham, na Kiswahili chake ni tofauti kidogo na cha Baba. Utusamehe makosa.

Baba alifariki tarehe mbili mwezi huu. Moyo wake ulisimama akiwa hospitali. Nilikuwa kazini, kwenye care home, nyumba ya kutunza wazee, walinipigia simu na nilipofika alikuwa ameshaondoka. Tumemzika hapa kwa sababu mwenyewe alisema hivyo, sijui kwa nini, maana zamani alisema nyumbani, nyumbani, kila siku. Watu wa kanisa walikuja, na Watanzania wa kile chama walikuja. Waliimba. Nililia sana kwa sababu nilikuwa nasikia maneno yote lakini sikuweza kuimba nao.

Siku za mwisho alikuwa anasema mara nyingi, "Irene, jani la Evans. Usisahau jani la Evans." Nilimwambia, don't worry, Dad, sitasahau. Nilikuwa sijui anasema jani gani. Baadaye nimelikuta kwenye boksi la kalamu zake, amelifunga vizuri kwenye karatasi yake ya kuchorea, pamoja na bahasha yako. Limekauka lakini fundo bado lipo. Mama Reine anasema kitu cha mtu kirudishwe kwa mwenyewe, hasa baada ya msiba, na Baba ndivyo alivyotaka. Kwa hiyo nakurudishia hapa ndani. Nimetimiza ahadi.

Kuna kitu kingine. Alikuwa anachora ramani, karibu amalize. Ni ya shamba, nafikiri ni kwenu. Ina makaburi matatu na majina yake. Kuna sehemu moja ameikwangua, na ukiiinua kwenye dirisha unaona alama ya mstatili ambao haupo tena. Chini kuna maneno ya Kichagga, mistari miwili, mimi sikijui na Mama Reine pia hakijui. Ni kazi yake ya mwisho na ni nzuri sana, kwa hiyo nimeitia kwenye fremu, iko ukutani juu ya meza yake. Natumaini hutakasirika nikibaki nayo. Ukitaka nitajaribu kukunakilia yale maneno herufi kwa herufi, hata kama sielewi.

Mtoto wako,
Irene


Uru
11 Januari 1999

Mwanangu Irene,

Pole. Pole sana, mwanangu. Habari za baba yako zilinikuta kwenye barua yako hiyo hiyo, kwa hiyo nilisoma kifo chake na jani likiwa bado ndani ya bahasha. Nilipolitoa nililiweka mezani, nikakaa nalo mpaka uji ukapoa.

Umefanya kama ulivyoagizwa. Huna kosa lolote, na usije ukafikiri unalo. Mimi nilikuwa na kesi na baba yako. Nilimpelekea jani lile kumwomba, naye alikuwa na haki ya kulipokea au kulirudisha. Mwaka mzima nilikuwa naangalia njia ya posta, maana shangazi yako Placida hanisalimu mpaka leo. Kila alipokaa kimya nilijipa moyo kwamba kaka ni mzito wa hasira na mzito wa huruma pia, na kwamba mtu anayetaka kukataa hakatai kwa kuchelewa. Basi nilikosea. Alikuwa anapima tu, kama kawaida yake, na amemaliza kupima.

Yale maneno ya Kichagga yaliyo chini ya ramani usininakilie. Nakuomba sana. Wala usimtafute mtu wa kukusomea. Najua kaka alivyokuwa akikasirika, na maneno ya mtu aliyerudisha isale si ya mtoto kuyajua, wala mimi sina nguvu ya kuyabeba. Yaache hapo yalipo.

Sitakuficha kwamba naumia. Kama angeniuliza siku moja tu, Evans, Adelina anaendeleaje, ningemwambia kila kitu, naye angenigombeza, tungemaliza. Hakuuliza, nami nikaona haya kulia mbele ya mtu anayeuliza habari za mipaka. Sasa Adelina yuko nyuma ya jiko, na baba yako yuko huko kwenye baridi, na bibi yako yuko chini ya stoo ya mbolea, na wote watatu nimewaweka mimi.

Mtu aliyerudishiwa isale halali tena kwenye ardhi ya wazazi wake. Kwetu ndivyo ilivyo. Nahamia Kahama kwa mwanangu Kizito kabla ya mvua za masika. Nyumba nimeifunga, na barua usitume tena sanduku hili, hapatakuwa na mtu wa kuichukua.

Ramani itunze. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, usitumie maji, wino wa kaka haupendi maji.

Baba yako mdogo, kama bado unaruhusiwa kuniita hivyo,
Evans